Kutoka Msimbo hadi Saketi: Utambuzi wa Hitilafu ya Kihisi Mkao wa Krenki katika Gereji za Wilaya za Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kutambua hitilafu ya kihisi mkao wa krenki, kifaa ambacho mafundi wa magari hukiita sensa ya krenki, kwa kuzingatia mazingira ya wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. Hoja ya msingi ni kwamba msimbo unaotolewa na kompyuta ya gari hutaja saketi yenye hitilafu, ilhali kauli iliyozoeleka gerejini, "sensa imekufa", hutaja sehemu moja tu kati ya nne zinazounda saketi hiyo. Tofauti hiyo ya kimaana huzaa gharama: kifaa kizima huondolewa, kingine huagizwa kutoka mbali, na gari hurudi barabarani likiwa na ubovu uleule. Makala yanaeleza utendaji wa kihisi, maana ya misimbo, hatua za upimaji zinazowezekana kwa zana za kawaida, na nafasi ya istilahi za Kiswahili katika kutenganisha sehemu nne za saketi. Inahitimishwa kuwa Kiswahili cha gereji tayari kina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo. Kinachokosekana ni mpangilio wake.

Maneno Msingi: kihisi, krenki, saketi, msimbo wa hitilafu, istilahi za ufundi, Ngara, Biharamulo

1.0 Utangulizi

Barabara kuu ya Ukanda wa Kati, inayotoka Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, huingia mkoa wa Kagera katika wilaya ya Biharamulo. Hupita Nyakanazi, ambako njia ya Kibondo na Kigoma huchepuka, kisha Lusahunga, ambako njia ya Biharamulo mjini na Bukoba huachana na ile ya Ngara. Kutoka Lusahunga hadi daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, ni takriban kilomita 90. Njia nyingine huchepuka Nyakasanza kuelekea Kabanga na mpaka wa Burundi. Malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo Mashariki hutegemea njia hizi usiku na mchana.

Sambamba na malori hayo husafiri magari madogo yaliyotumika Japani kabla ya kuingizwa nchini: Toyota IST, Probox, Noah na Hiace. Hayo ndiyo yanayobeba abiria kati ya Ngara mjini, Rulenge, Benaco, Rusumo, Nyakahura na Biharamulo. Dereva wa gari la namna hiyo kwa kawaida si mmiliki wake. Anadaiwa hesabu ya kila siku, na siku ambayo gari limelala gerejini ni siku ya deni. Aidha, sehemu ya njia kati ya Lusahunga na Benaco hupita katika misitu yenye makazi machache, na kwa miaka kadhaa baada ya wimbi la wakimbizi la mwaka 1994 ilihofiwa kwa ujambazi wa barabarani. Gari linalozima ghafla katika eneo hilo jioni halimletei abiria usumbufu tu, bali pia hofu.

Miongoni mwa hitilafu zinazozima gari bila onyo ni ile ya kihisi mkao wa krenki. Kifaa chenyewe ni kidogo, kinaenea kiganjani, na hufungwa kwa bolti moja au mbili. Hata hivyo, fundi wa Lusahunga au Benaco asipokuwa nacho dukani hulazimika kukiagiza Kahama, Mwanza au Bukoba, na hufika kwa basi siku inayofuata. Iwapo kifaa kilichoondolewa hakikuwa kibovu, mwenye gari huwa amepoteza fedha, siku moja au mbili, na imani yake kwa fundi. Swali linaloongoza makala haya ni hili: ni kwa namna gani fundi mwenye mita ya umeme, funguo na muda mfupi anaweza kujua kwamba kihisi ni kibovu kweli kabla ya kukiagiza kingine?

2.0 Utendaji wa Kihisi Mkao wa Krenki

Injini ya petroli ya mipigo minne hukamilisha kazi yake katika mizunguko miwili ya krenki, na katika muda huohuo kemshafti huzunguka mara moja. Kompyuta ya gari, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, haiwezi kuamuru plagi itoe cheche wala nozeli imwage mafuta isipojua pistoni zipo wapi na krenki inazunguka kwa kasi gani. Taarifa hiyo huletwa na vihisi viwili: kihisi mkao wa krenki na kihisi mkao wa kemshafti.

Mbele ya kihisi cha krenki hupita gurudumu la chuma lenye meno. Katika injini za Toyota za familia ya NZ, zinazopatikana katika IST na Probox, gurudumu hilo limegawanywa katika nafasi 36, lakini meno mawili yameondolewa, hivyo hubaki 34. Kila jino huwakilisha nyuzi 10 za mzunguko. Pengo la meno mawili ni alama: kila linapopita, kompyuta hujua kwamba krenki imefika mahali maalumu na huanza kuhesabu upya. Kwa upande wa kemshafti, gurudumu lina meno 3 tu, ambayo huiwezesha kompyuta kutofautisha mzunguko wa kwanza na wa pili.

Vihisi hivi huundwa kwa misingi miwili ya kifizikia. Msingi wa kwanza ni ule ulioelezwa na Michael Faraday mwaka 1831: sumaku inapobadilika nguvu karibu na koili ya waya, umeme huzalishwa ndani ya koili. Kihisi cha aina hii kina nyaya mbili na hakihitaji kupewa umeme; hujitengenezea chenyewe kila jino linapopita. Msingi wa pili unatokana na ugunduzi wa Edwin Hall wa mwaka 1879, kwamba sumaku huweza kuzalisha tofauti ya volti katika kipitishi chenye mkondo. Kihisi cha Hall huwa na nyaya tatu: wa umeme unaoingia, wa ardhi na wa ishara. Kabla ya kupima chochote, fundi hana budi kujua anashughulika na aina ipi, kwa kuwa kipimo sahihi kwa aina moja ni kipimo potofu kwa nyingine.

Aina ya kwanza ina sifa moja inayopaswa kusisitizwa. Nguvu ya ishara yake hutegemea kasi ya gurudumu na ukubwa wa nafasi iliyopo kati ya kihisi na meno. Krenki ikizungushwa polepole, ishara huwa dhaifu hata kama kihisi ni kizima. Kihisi kikiwekwa mbali kidogo na meno, au ncha yake ikishika vumbi la chuma, ishara pia hudhoofika. Kwa hiyo betri iliyochoka inaweza kuzaa dalili zilezile za kihisi kilichoharibika.

3.0 Msimbo Unasema Nini

Mfumo wa misimbo ya hitilafu unaotumika katika magari mengi ya sasa ulisanifiwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, na ulikuwa sharti kwa magari madogo mapya yaliyouzwa nchini humo kuanzia modeli za mwaka 1996. Msimbo P0335 husomeka kwa sehemu. Herufi P huonyesha kuwa jambo linahusu injini na mfumo wa kuendesha magurudumu. Tarakimu 0 huonyesha kuwa msimbo ni wa pamoja kwa watengenezaji wote. Tarakimu 3 huuweka katika kundi la mfumo wa cheche. Tarakimu 35 hutaja saketi ya kihisi mkao wa krenki.

Neno saketi ndilo kiini cha jambo. Msimbo P0335 hausemi kwamba kihisi kimeharibika. Unasema kwamba kompyuta haikupokea ishara iliyoitarajia kupitia saketi hiyo. Maelezo ya Toyota kuhusu msimbo huu hutaja maeneo manne ya kuchunguzwa: nyaya zilizokatika au kupiga shoti, kihisi chenyewe, gurudumu la meno, na kompyuta. Misimbo jirani nayo ina mipaka yake. P0336 humaanisha kuwa ishara ipo lakini haiendani na matarajio, jambo linaloelekeza macho kwenye meno, nafasi au waya unaogusa na kuachia. P0340 huhusu saketi ya kihisi cha kemshafti. P0016 humaanisha kuwa vihisi viwili havikubaliani kuhusu mkao wa injini. Sababu yake huweza kuwa cheni ya taimingi iliyolegea au kuruka jino, na kubadilisha kihisi hakutaiponya.

Kuna ugumu wa ziada kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Mengi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana soketi ya uchunguzi yenye matundu 16 kama ilivyo kwa magari ya Marekani, lakini kompyuta zake hazizungumzi lugha ya pamoja inayoeleweka na mashine ndogo za bei nafuu. Mashine ikishindwa kuunganika, fundi huweza kudhani kuwa kompyuta imeungua. Katika Toyota nyingi za kipindi hicho ipo njia ya zamani: kuunganisha kwa kipande cha waya tundu la 4 na la 13 la soketi hiyo, swichi ikiwa imewashwa, kisha kuhesabu mimweko ya taa ya injini. Mmweko mmoja ukifuatiwa na miwili ni msimbo 12, unaoashiria kukosekana kwa ishara ya krenki au ya kemshafti wakati wa kupiga starta. Mmweko mmoja ukifuatiwa na mitatu ni msimbo 13, unaoashiria kupotea kwa ishara ya krenki injini ikiwa tayari inazunguka. Tahadhari inahitajika, kwa kuwa tundu la 16 lina umeme wa moja kwa moja wa betri, na kulikosea huweza kuunguza fyuzi au zaidi.

Desturi ya kuchomoa teminali ya betri ili "kuizima taa" nayo inastahili kutajwa. Katika magari mengi kitendo hicho hufuta kumbukumbu ya kompyuta. Taa huzimika, lakini ushahidi huondoka nayo, na fundi anayefuata huanza gizani.

4.0 Hatua za Utambuzi

Hatua zinazofuata zimepangwa kuanzia lisilogharimu chochote hadi linalohitaji kufungua vifaa. Kila hatua hujibu swali moja na kupunguza idadi ya washukiwa.

4.1 Kuhoji na kutazama dalili

Dalili kuu ni gari kupiga starta vizuri bila kuwaka, au kuzima ghafla kana kwamba swichi imezimwa. Kuzima kwa namna hiyo hutofautiana na kuzima kwa kukosa mafuta, ambako injini kwa kawaida hukwama, hupoteza nguvu na kutetemeka kabla ya kufa. Mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi hutoa kidokezo cha haraka: ukibaki kwenye sifuri wakati starta inazungusha, huenda kompyuta haioni krenki. Kidokezo hiki si hukumu, kwa sababu katika baadhi ya magari mshale hauinuki kwa kasi ndogo ya starta hata injini ikiwa nzima.

Kidokezo kingine ni kukosekana kwa vitu viwili kwa pamoja. Kama plagi hazina cheche na nozeli hazifanyi kazi kwa wakati mmoja, chanzo cha pamoja ndicho cha kutafutwa, nacho huweza kuwa ishara ya krenki, umeme wa kompyuta au fyuzi kuu. Kama cheche zipo, kihisi cha krenki huondoka katika orodha ya washukiwa wakuu na uchunguzi huelekea kwenye mafuta.

4.2 Betri na kasi ya starta

Betri iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Wakati wa kupiga starta haipaswi kushuka chini ya takriban volti 9.6. Ikishuka zaidi, krenki huzunguka polepole, ishara hudhoofika, na kompyuta yenyewe huweza kukosa umeme wa kutosha. Kupima kihisi kabla ya kuondoa tatizo hili ni kupoteza muda.

4.3 Soketi, nyaya na mahali pa kihisi

Katika injini za NZ, kihisi cha krenki kipo chini upande wa kulia wa gari, karibu na puli ya krenki. Ngao ya plastiki ya tairi la mbele la kulia inapokosekana, tope na maji hurushwa moja kwa moja kwenye soketi. Barabara nyingi zinazochepuka kutoka njia kuu kuelekea vijijini Ngara na Biharamulo ni za changarawe na udongo: vumbi jingi wakati wa kiangazi, utelezi na tope wakati wa masika. Vumbi laini huingia penye mpira wa soketi uliochakaa. Maji hufuata, kisha kutu ya kijani kwenye teminali. Aidha, sili ya mbele ya krenki inapovuja, mafuta huloweka soketi na kulainisha ganda la nyaya.

Fundi achomoe soketi, atazame rangi ya teminali, aone kama kuna iliyorudi nyuma au kutanuka, kisha afuate waya hadi unapoingia kwenye fungu kuu. Sehemu zinazogusa chuma chenye ncha, au zilizopita karibu na bomba la moshi, zichunguzwe kwa vidole na si kwa macho pekee, kwa kuwa shaba huweza kukatika ndani ya ganda lisilo na alama.

4.4 Upimaji kwa mita

Kwa kihisi cha nyaya mbili, vipimo ni vitatu. Cha kwanza ni ukinzani wa koili. Vihisi vingi vya aina hii husoma kati ya mamia kadhaa na maelfu machache ya omu, na kiwango halisi hupatikana katika kitabu cha injini husika. Cha pili ni kupima kati ya kila teminali na mwili wa kihisi. Hapo mita haipaswi kuonyesha muunganiko wowote. Cha tatu ni kuiweka mita kwenye volti za mkondo geu na kupiga starta kihisi kikiwa kimechomolewa: kihisi kizima hutoa volti ndogo lakini ya wazi, inayopanda kasi inapopanda. Ukinzani mzuri pasipo volti humaanisha kuwa koili ni nzima lakini jambo jingine limeharibika, kama vile sumaku, nafasi au gurudumu la meno.

Kwa kihisi cha Hall, kupima ukinzani hakutoi jibu la kuaminika na kunaweza kukidhuru. Badala yake, swichi ikiwa imewashwa, hupimwa umeme unaofika kwenye soketi, ambao kulingana na gari huwa volti 5 au takriban 12, hupimwa ardhi, kisha soketi ikiwa imerudishwa hupimwa waya wa ishara huku krenki ikizungushwa taratibu kwa funguo kwenye bolti ya puli. Volti ya ishara inapaswa kupanda na kushuka kila jino linapopita.

Kipimo kinachosahaulika mara nyingi ni cha nyaya zenyewe. Teminali hasi ya betri ikiwa imefunguliwa na soketi ya kompyuta imechomolewa, kila waya kutoka soketi ya kihisi hadi soketi ya kompyuta upimwe. Usomaji uwe chini ya omu 1. Kisha kila waya upimwe dhidi ya mwili wa gari. Usomaji uwe mkubwa, angalau omu 10,000. Nyaya zitikiswe wakati wa kupima, kwa sababu waya unaogusa na kuachia huonekana mzima ukiwa umetulia.

4.5 Joto

Hitilafu inayowasumbua zaidi mafundi ni ile inayojificha. Gari hupanda mlima kutoka Rusumo, huzima, hukaa nusu saa, kisha huwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Linapofika gerejini likiwa limepoa, vipimo vyote huwa sawa. Ndani ya koili, waya mwembamba uliopasuka hutanuka kwa joto na kuachana, kisha hurudi kugusana unapopoa.

Kipimo cha hitilafu hii hakina budi kufanyika kihisi kikiwa cha moto, ama mara tu baada ya gari kuzima ama kwa kukipasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele. Hapa kanuni ya fizikia inahitajika ili fundi asidanganyike. Ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Koili iliyosoma omu 1,000 katika nyuzi 20 itasoma takriban omu 1,270 katika nyuzi 90. Ongezeko la robo au zaidi kidogo ni tabia ya shaba, si ugonjwa. Ugonjwa ni pale mita inaporuka ghafla hadi kutosoma chochote.

4.6 Uthibitisho baada ya kubadilisha

Kubadilisha kihisi kwa kingine kilichotolewa kwenye gari zima la aina ileile ni njia inayofaa mahali ambapo vipuri vipo mbali. Hata hivyo, njia hii ina mtego. Ili kubadilisha kihisi, soketi lazima ichomolewe na kurudishwa, na kitendo hicho pekee huweza kukwangua kutu na kurejesha mguso. Gari huwaka, kihisi cha zamani hutangazwa kuwa kibovu, na baada ya wiki mbili gari huzima tena. Kinga ni rahisi: baada ya gari kuwaka na kihisi kipya, kihisi cha zamani kirudishwe mara moja. Gari likiwaka nacho, mshukiwa ni soketi au waya. Likikataa, hukumu imethibitishwa. Ikiwa hitilafu ni ya joto, jaribio hili lifanyike injini ikiwa ya moto.

Mfano wa kufikirika unaweza kuonyesha thamani ya hatua hizi. Ichukuliwe IST iliyozima Nyakahura, yenye msimbo 13. Koili inasoma vizuri ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Volti inaonekana kwenye teminali za kihisi starta inapopigwa. Lakini vipimo hivyohivyo vikichukuliwa kwenye soketi ya kompyuta, hakuna kinachosomeka. Kihisi kinasema na ujumbe haufiki. Tiba ya gari hili ni sentimita chache za waya na kazi ya dakika chache. Chini ya kauli ya "sensa imekufa", tiba ingekuwa kuagiza kipuri kutoka Mwanza.

5.0 Lugha ya Utambuzi

Mfano huo unaonyesha kuwa tatizo la utambuzi kwa sehemu ni tatizo la istilahi. Eugen Wüster, mhandisi wa Austria ambaye tasnifu yake ya mwaka 1931 ilihusu usanifishaji wa lugha ya kiufundi, alisisitiza kuwa istilahi ianze na dhana na kwamba kila dhana iwe na jina lake. Nadharia yake imekosolewa kwa kupuuza namna watu wanavyozungumza kazini, na ukosoaji huo una haki yake. Hata hivyo, katika kisa cha kihisi cha krenki, kanuni yake ya kutenganisha dhana ina faida inayopimika kwa fedha.

Mjadala wa istilahi za Kiswahili mara nyingi huelekea kwenye uchaguzi kati ya neno la mkopo na neno la asili: sensa au kihisi? Kweli, sensa ina maana nyingine inayojulikana nchini kote, ya kuhesabu watu, lakini hakuna mteja anayechanganya maana hizo gerejini. Pengo lenye madhara halipo hapo. Lipo katika matumizi ya jina la kifaa kimoja kuwakilisha saketi nzima, na katika kitenzi kufa, ambacho kinafunga mjadala. Kitu kilichokufa hakipimwi. Huzikwa na kutafutiwa mrithi. Anayesema sensa imekufa ameshaamua kununua kabla ya kuuliza.

Maneno ya kutenganisha hayahitaji kubuniwa. Mafundi husema waya umekata, nyaya zimepiga shoti, teminali imelegea, soketi ina kutu, meno yamelika, kontroli boksi haisomi. Maneno haya hutumika kila siku kwa taa, honi na alteneta. Inapendekezwa kwamba yapangwe katika kauli nne zinazolingana na sehemu nne za saketi: kihisi hakitoi ishara, waya haufikishi ishara, gurudumu haliundi ishara, kompyuta haisomi ishara. Neno ishara ndilo uti wa mgongo wa mpangilio huu. Kila kauli humwambia fundi mahali pa kuweka mita, na humwambia mteja anacholipia.

Umuhimu wa mpangilio huu ni mkubwa zaidi katika eneo la mpakani. Katika gereji za Ngara hukutana wasemaji wa Kihangaza, Kisubi, Kirundi na Kinyarwanda, pamoja na madereva kutoka Kongo. Fundi aliyejifunzia Burundi au Kongo Mashariki ameyapokea majina ya vipuri kupitia Kifaransa, ilhali mwenzake wa Tanzania ameyapokea kupitia Kiingereza. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Majina ya mkopo huweza kutofautiana kati yao, lakini vitenzi kutoa, kufikisha, kuunda na kusoma ni vya wote.

Jambo hili linagusa pia mafunzo. Mafundi wengi wa barabarani hujifunza kwa kukaa na fundi mkuu, kusikiliza na kuiga. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na utaratibu huo humtaka fundi aeleze anachokifanya. Mwanagenzi aliyesikia "sensa imekufa" kwa miaka mitatu amejifunza kununua. Aliyesikia "tuone kama ishara inafika" amejifunza kupima.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa msimbo wa hitilafu ni mwanzo wa uchunguzi na si hukumu, kwa kuwa hutaja saketi na si kifaa. Yameeleza kuwa betri dhaifu, soketi yenye kutu, waya uliokatika ndani ya ganda, gurudumu lililoharibika na koili inayoachana kwa joto huweza kuzaa dalili zinazofanana, na kwamba kila kimoja kina kipimo kinachokitenga na vingine. Vipimo hivyo havihitaji mashine ya gharama kubwa. Vinahitaji mita, kitabu cha injini na utaratibu wa kutoagiza kipuri kabla ya swali la mwisho kujibiwa.

Aidha, imebainishwa kuwa Kiswahili cha gereji kina msamiati wa kutosha kuubeba uchunguzi huo. Kazi ya wanaistilahi katika uwanja huu ni kuyapanga maneno yaliyopo kwa kufuata njia ya ishara, kuanzia kwenye meno ya gurudumu hadi kwenye kompyuta, na kuandaa miongozo mifupi ambayo fundi wa Lusahunga, Benaco au Rulenge anaweza kuisoma akiwa amesimama kando ya gari. Upimaji wa miongozo ya namna hiyo katika gereji zenyewe, pamoja na ulinganishi wa istilahi za pande zote za mpaka wa Rusumo na Kabanga, ni eneo linalostahili utafiti zaidi.